Neno la Kaburini

Ramtha, bibi mjane wa mtaani kwetu, aliingia karakanani kwangu akicheka mpaka hereni zinaruka, akanitupia kioo chake cha shaba. Mgongoni mwa kioo hicho nilikuwa nimemnakshi Turani, mungu wetu wa kike wa mapenzi, akijipamba. Siku kumi za jasho!

"Huku mbele nichongee neno la kaburini."

Neno hilo huchongwa usoni mwa kioo cha marehemu, ili aliye hai asikiguse tena.

"Kafa nani, bibi?"

"Mimi! Wake wa wanangu wanakigombania tangu asubuhi. Nafika karamuni nyusi moja imepanda, nyingine imelala. Chonga, bwana!"

Nikachonga huku nasonya. Kazi yangu nzuri hivyo!

Baada ya wiki akarudi, nyusi sawasawa, wanja umekaa.

"Hawakigusi! Mmoja kakiona, kapiga yowe, kakimbilia kwao. Mimi najitazama katikati ya herufi, mwanangu, kama mwali anayechungulia dirishani."

"Sasa unataka nini tena?"

Akafunua kikapu, akatoa paja zima la nguruwe lililokaushwa.

"Na hili je, linachongeka?"