Jina la Joram

Tangu Awuor ajifungue, mama mkwe wake Selpha alikuwa na wimbo mmoja tu: mtoto ataitwa Joram, jina la baba yake, na asiyetaka aende akazungumze na kaburi. Kaburi lenyewe lilikuwa pale uani, udongo bado mwekundu, hatua chache kutoka mlangoni. Awuor hakuwa na la kuliambia. Alikuwa amemaliza mazungumzo na mwenye kaburi, na alitaka yabaki yamekwisha.

Nyumba hiyo ilikuwa Kisian, upande wa chini wa barabara ya Busia, miaka ile viwanda vya Kisumu vilipoanza kunyang'anyana mbuta, yule samaki mkubwa wa ziwani. Joram alikuwa mvuvi wa mbuta. Alikuwa na mabega mapana, sauti nene na ngumi ambazo hazikujua kupumzika. Awuor aliuza mgongo wazi, ile mifupa ya samaki inayobaki kiwandani minofu ikishatolewa, na wanawake wenzake sokoni Otonglo walishazoea kumwona akipanga bidhaa kwa mkono mmoja, huku mwingine ukining'inia kwenye kitambaa. Hawakuuliza. Wengine wao walikuwa na vitambaa vyao.

Jina lake Joram alipewa na Enos, mwalimu wa dini aliyembatiza. Enos ndiye aliyemfafanulia kwamba ni jina la Kiebrania, la watu wa Biblia, na kwamba maana yake ni "Bwana ameinuliwa." Mtu mwenye akili zake angesikia hivyo akainamisha kichwa. Joram aliinua chake. Alisikia neno la kuinuliwa akaona ni yeye anayeinuliwa, na tangu siku hiyo hakuna aliyeweza kumshusha.

Kwenye vilabu vya pombe ya busaa, nyatiti, kinubi cha Wajaluo, ikipigwa, mtu huruhusiwa kuzisimamisha nyuzi ili ajisifu mbele ya watu. Wenyewe huyaita majigambo hayo pakruok. Kwa kuwa Otonglo walikunywa watu wa kila kabila, Joram alijisifu kwa Kiswahili, na kwa vina. "Joramu, ukinipita toa salamu! Joramu, mbuta kwangu si adimu! Joramu, ukinigusa ni damu!" Watu walicheka, wakapiga meza. Alirudi nyumbani bado anaimba, na Awuor akiwa jikoni alitega sikio ajue amefika kina gani. Ikiwa ni salamu, alipakua ugali. Ikiwa ni damu, aliacha chungu motoni akaingia kwenye mahindi, na mara nyingine hakuwahi. Siku moja Joram alimvunja mkono kwa mpini wa kafi. Siku nyingine alimpiga teke la tumbo, na ile mimba ya kwanza ikatoka. Selpha alikuja na maji ya chumvi, akamkanda, akasema wanaume wa nyumba hii ndivyo walivyo, vumilia nyar Bondo, yaani binti wa Bondo. Awuor alimchukia kwa maji yale kuliko alivyomchukia Joram kwa teke.

Kufa kwake Joram alijitakia. Ilikuwa mchana wa siku ya soko. Alikuwa amesimamisha nyatiti, anajisifu, Walter akaona na yeye aseme lake. Walter alikuwa mshona nyavu, mtu wa kanisa kiasi na wa busaa kiasi.

"Bwana, hiyo Biblia yako umesoma ama umeambiwa tu?" Walter aliuliza. "Maana huko ndani Joram wako wawili, wote wafalme. Mmoja alipigwa mshale kwa mgongo, ukatokea kwa moyo, akatupwa shambani ya mtu. Mwingine matumbo ilitoka nje, akakufa, na hakuna mtu alimlilia. Sasa wewe ni yupi?"

Klabu nzima ilicheka. Hata mpiga nyatiti alicheka. Joram hakuwa na kina cha kujibu, kwa hiyo alijibu kwa kigoda. Alimpiga Walter nacho usoni, meno yakaruka, akampiga tena akiwa chini, na tena, mpaka watu waliokuwa wakicheka wakaanza kupiga mayowe. Walter, damu imemziba macho, alipapasa kiunoni, akachomoa kisu chake cha kukatia nyuzi, akarusha mkono bila kuona. Kisu kiliingia chini ya kitovu, kikapanda. Joram alitoka nje ameshika tumbo kwa mikono miwili, akafika barabarani, akakaa chini kama mtu aliyechoka. Alikufa kabla ya kupata gari.

Awuor alilia matangani kwa kuwa macho ya watu yalikuwa juu yake. Moyoni alikuwa anapumua. Alikuwa na mimba ya miezi saba, na kwa mara ya kwanza alilala usiku bila kusikiliza njia.

Sasa mtoto alikuwa amezaliwa, wa kiume, na siku ya kutolewa nje na kupewa jina ilikuwa imefika. Wazee wawili walinong'ona kwamba jina la mtu aliyeuawa kwa chuma halipewi mtoto upesi namna hiyo. Selpha aliwauliza kama ni wao waliomzaa. Wakaomba uji.

Awuor aliogopa, na woga wake haukuwa wa kijinga. Pale nyumbani jina si la kuitia tu. Aliyekufa huja na jina lake, na tabia zake, na mkono wake. Alimwona mwanawe akikua mabega, akiimba njiani, na msichana fulani ambaye bado hajazaliwa akitega sikio jikoni. Aliapa haitakuwa.

Lakini desturi ilimwachia upenyo. Mtoto akilia, wanawake humtajia majina ya waliokufa, moja baada ya jingine. Jina analolikataa huendelea kulilia. Jina analolinyamazia ndilo lake, na hapo hakuna mzee wala bibi wa kubisha. Na mtoto alikuwa mikononi mwa nani? Mikononi mwa Awuor.

Walikaa uani, jua likiwa juu. Mtoto alikuwa na njaa, kwa sababu Awuor alikuwa amemnyima titi tangu asubuhi makusudi, ampe tu likitajwa jina alitakalo yeye, na alilia mpaka utosi ukamcheza.

"Wewe ni Obiero?" aliita Selpha. Mtoto alilia.

"Wewe ni Gordon?" Alilia zaidi.

Selpha alisogea karibu, akainamisha uso. "Wewe ni Joram? Mwanangu, ni wewe?"

Kilio kilikuwa kimeanza kulegea kwa uchovu. Awuor alikisikia kinalegea, akaingiwa na hofu, akapeleka vidole chini ya shuka, akashika nyama laini ya paja na kuifinya. Aliifinya kwa nguvu zote, kwa kucha, akaizungusha.

Mtoto alifungua kinywa. Sauti haikutoka. Maumivu yalimkata pumzi, uso ukamwiva, macho yakatoka, na uani pote pakawa kimya kabisa.

"Amekubali!" Selpha alipiga kigelegele. Wanawake walidakia. Pumzi ilipomrudia mtoto na ukelele kumtoka, hakuna aliyeusikia isipokuwa mama yake.

"Hapana!" Awuor alipaza sauti. "Hakukubali! Nimemfinya!"

Vigelegele vilikatika kimoja kimoja. Selpha alifunua shuka. Kucha zilikuwa zimechora nusu mwezi nne pajani, na mbili kati yake zilikuwa zikitoa damu. Selpha aliziangalia, kisha akamwangalia Awuor. Hakukuwa na hasira usoni mwake, na hilo ndilo lililomuumiza Awuor zaidi.

"Mtoto mchanga hivi," alisema Selpha polepole. "Nyar Bondo, tuite jina gani tena? Wewe sema. Sisi tutaita."

Awuor alitafuta jina. Alikuwa nayo mengi asubuhi ile, majina mazuri ya watu wapole wa kwao, na sasa hakuliona hata moja ambalo angethubutu kuliweka juu ya alama zile. Mtoto alikuwa anamkataa, anajikunja, anageuza uso mbali na titi alilopewa. Alimbana kifuani akaanza kumtikisatikisa, machozi yakimdondokea kichwani.

"Pole, Joram," alimwambia. "Sitarudia tena."