Saa ya Rahu

Hebu niambie, umewahi kulala na njaa mara tatu kwa ajili ya tiba moja, na tiba yenyewe bado ikakupiga chenga? Alamelu wa Madurai yalimfika. Mshipa mmoja ndani ya kichwa chake ulikuwa umetuna ukafanya kifuko, kama tyubu ya baiskeli palipochakaa, na kope la kushoto lilishaanza kulala. Daktari Thenmozhi alimwambia kichwa hakitapasuliwa. Mrija mwembamba utaingizwa pajani, upande mpaka ubongoni, ukijaze kifuko kile kwa uzi wa madini mwembamba kuliko unywele. Ila wasikawie, maana kikipasuka ndiyo basi tena.

Jumatatu aliitwa saa mbili asubuhi. Wifi yake Nachammai, mkubwa wa nyumba, akatoa kalenda mkobani akasema hiyo ni saa ya Rahu, zimwi linalomeza jua, saa ya mkosi, hata ndoo mpya hainunuliwi. Sokkalingam, mume wa Alamelu, hajampinga dada yake tangu azaliwe. Wakaomba kungoja, nafasi ikapewa mgonjwa aliyeletwa amepooza.

Alhamisi saa ilikuwa njema. Nachammai akapitia hekaluni alfajiri, akaja na wali mtamu wa sukari guru, samli inachuruzika, akamtia mgonjwa tonge kinywani. Sadaka ya mungu hairudishwi, Alamelu akameza. Mtoa dawa ya usingizi alipouliza kama amekula, Nachammai akajibu kwa fahari kwamba hajala kitu, ni sadaka tu. Wakarudishwa wodini.

Ijumaa wakaitwa saa tano. Kalenda ikatoka tena.

"Rahu mpaka saa sita," Nachammai akasema. "Daktari, mwanangu, saa moja tu. Kichwa chenyewe kina miaka hamsini na minane, kitashindwa na saa moja?"

Daktari akampa Sokkalingam fomu ya kukubali. Sokkalingam akamtazama dada yake. Daktari na Nachammai wakabishana, mgonjwa amelala katikati yao, kama watu wanaojadili kabati lipitie mlango gani.

Alamelu akajiinua kwa kiwiko, akaitwaa fomu mkononi mwa mumewe, akaomba kalamu.

"Wifi, huyo Rahu wako akija atanikuta nimelala, hatutasumbuana," akasema huku anatia sahihi. "Daktari, tangu Jumatatu nangoja mtu aniulize mimi. Nataka nitiwe huo uzi sasa hivi."