Pikapu ya Kaka Mkubwa

Daktari wa meno hakuwa mtu wa kununua kitu kwa macho. Viatu alivijaribu kwa kuzunguka navyo dukani mpaka muuzaji akaanza kuchungulia mlango. Mume wake, fundi umeme mwenye maneno mengi kuliko nyaya zake, alipenda kuwaambia wageni kwamba hata yeye alikaguliwa kabla ya kukubaliwa: alipanuliwa kinywa, akamulikwa, akapasishwa kwa masharti.

Kwa hiyo gari lilipohitajika, kila mtu wa nyumba ile alijua kazi ipo.

Na gari lilihitajika kweli. Kliniki yake ilikuwa trela, na ndani yake mlikuwa na kiti cha wagonjwa, taa, mashine ya hewa, tangi la maji na kabati za vifaa. Kila mwaka, mvua zikikatika, yeye na mumewe waliikokota mpaka kwenye zahanati za nyuma ya mlima, ambako mtu akiumwa jino huumwa nalo hadi trela ifike. Safari hii pikapu yao ya zamani ilikuwa imekufa injini, na zahanati zilikwisha kuwatangazia watu. Asipopata gari, watu wale wangesubiri mwaka mwingine. Akipata gari bovu, ingekuwa ni yeye, mumewe na trela nzito kwenye barabara ambayo upande mmoja ni ukuta wa mawe na upande wa pili hakuna kitu.

Walianzia kwenye duka la magari mapya. Muuzaji alikuwa na tai na ulimi mwepesi. Alisema pikapu ile inavuta tani tatu na nusu bila kutoa jasho. Daktari akamuuliza inavuta tani ngapi ikiwa imebeba watu wawili, jenereta nyuma, tangi la mafuta limejaa, na pua ya trela imeegemea kwenye ndoano. Muuzaji alicheka kidogo, akaona anacheka peke yake, akaenda kumuuliza bosi. Aliporudi alikuwa na kalenda ya ukutani, akawazawadia.

"Si haba," mume alisema walipotoka. "Kalenda tumepata. Limebaki gari."

Gari la pili lilikuwa la petroli, kubwa, lililotumika kidogo, la mkandarasi mmoja aliyekuwa anahama. Lilikuwa na nguvu za kung'oa mti, breki nzuri, na chasisi safi, ule uti wa mgongo wa chuma unaobeba gari zima. Tatizo lake lilikuwa kiu. Kituo cha mwisho cha mafuta kilikuwa upande huu wa mlima, na kwa jinsi gari lile lilivyokunywa, wangelazimika kubeba madumu mengi kiasi kwamba mgonjwa angeingia kwenye kliniki akadhani amekuja kujaza tangi. Daktari alilipenda nusu, akaliacha kiporo.

La tatu lilikuwa la kaka yake.

Kaka Mkubwa alikuwa na gereji ambayo mji mzima uliijua. Wazazi wao walipofariki, yeye aliacha shule akashika spana ili mdogo wake aendelee kushika kalamu, na hajawahi kulitaja jambo hilo hata siku moja, hata wakigombana. Pikapu aliinunua ikiwa imechoka, akakaa nayo miezi akiifufua. Ilikuwa ya dizeli, ya zamani, ya aina ile iliyoundwa kabla watengenezaji hawajaanza kufikiria viti vya ngozi. Ilikuwa na gia nzito ya milimani, magurudumu yote manne yanavuta, injini isiyo na haraka lakini isiyokubali kushindwa. Kwa safari ndefu, kwa njia mbovu na kwa kukokota, hakuna aliyehitaji kuongeza neno.

Daktari aliikagua asubuhi nzima. Alipima unene wa breki, akasugua mafuta ya injini kwa vidole, akalala chini na kuangalia difu na springi. Chasisi ilikuwa nyeusi inang'aa kama sahani iliyotoka kuoshwa. Aliitazama, akaridhika, akainuka. Hakuigonga wala kuikwaruza. Kaka yake ndiye aliyeipaka rangi ile, na katika maisha yake yote kazi ya mkono wa kaka yake ndiyo kitu kimoja ambacho hajawahi kukichokonoa.

"Umemaliza, Profesa?" Kaka aliuliza. "Au bado unataka kuipima presha?"

Alisema bado kuna jaribio moja. Wangefunga trela, wapande nayo mpaka kwenye mgongo wa mlima, wageuze na kushuka. Ikishuka salama, anaichukua.

Siku ya jaribio Kaka mwenyewe alishika usukani. Mume alikaa katikati, magoti yamemfika kidevuni, na tangu wanatoka mjini yeye na shemeji yake walikuwa wanakwaruzana kama kawaida yao. Mume alidai gari linanguruma kama shemeji akilala baada ya kula. Kaka akajibu kwamba angalau yeye hula chakula alichokitafuta, tofauti na watu fulani waliooa daktari ili wapate matibabu ya bure. Daktari hakuwasikiliza. Alikuwa anasikiliza injini, na injini ilikuwa inampa majibu aliyoyataka. Lami ilipoisha, gia nzito iliingia bila kukoroma. Kwenye makorongo yaliyochimbwa na mvua, gurudumu moja la mbele lilining'inia hewani na pikapu ikaendelea kutambaa, trela ikifuata nyuma kwa utiifu. Moyoni alikwisha kuinunua.

Walikuwa karibu kufika juu, wanavuka korongo la mwisho, uliposikika mlio. Haukuwa mkubwa. Ulikuwa mkavu na mfupi, mara moja tu.

Mume alikuwa katikati ya mzaha, akaendelea nao. Kaka alisema ni jiwe limerukia trela. Lakini Daktari alikuwa ameusikia mlio ule mara nyingi mno kazini kwake. Ndivyo gego linavyolia linapopasuka.

"Kaka, simama."

"Tusimame wapi hapa? Tufike juu kwanza."

"Simama hapa hapa."

Alisimama. Daktari alikwenda kwenye trela, akafungua kabati, akachukua kioo kidogo chenye mkono mrefu na kile chuma chembamba chenye ncha iliyopinda anachochokolea meno. Mume aliuliza kama gari linang'olewa au linazibwa. Kaka alicheka. Daktari akalala chali, akajisukuma chini ya pikapu.

Ndoano ilikuwa nzima. Springi zilikuwa nzima. Alipitisha kioo juu ya ubavu wa chasisi, nyuma kidogo ya kibanda cha dereva, mahali ambapo mzigo wote wa trela huja kuegemea. Rangi nyeusi ilikuwa na ufa, mwembamba kama unywele. Aliweka ncha ya chuma juu ya ufa akasukuma kidogo, kwa nguvu ile ile anayotumia kwenye kinywa cha mtoto.

Chuma kilizama chote.

Alibaki amekishika mkononi, hakuelewa. Chuma hakizami kwenye chuma. Alikitoa, akakiingiza pembeni, kikazama tena. Akakwangua. Rangi ilibanduka kama ganda la yai, na chini yake ukatokea udongo mgumu wa kijivu, ule ambao mafundi bodi huutumia kunyooshea milango iliyogongwa. Ulikuwa umejazwa vizuri, ukalainishwa kwa msasa, kingo zake zimefifishwa kwa ustadi. Aliuondoa kipande, na nyuma yake kutu ikamwagika usoni kwake kama majani ya chai yaliyotumika.

Hakufikiria mlima wala trela. Fikra iliyomjia ilikuwa moja tu, nayo aliitambua kabla ya kuikubali: alikuwa anaujua mkono uliofanya kazi ile. Hakuna fundi mwingine mjini aliyejua kulainisha namna hiyo.

Alitoka. Uso wake ulikuwa na vumbi jekundu.

"Nani ameziba chasisi?" Daktari aliuliza.

Kaka aliangalia mikono yake. Upepo wa mlimani ulikuwa unatikisa turubai la trela.

"Ni mimi," alisema.

Kisha maneno yakamtoka yote kwa pamoja, na jinsi alivyoeleza ndivyo mambo yalivyozidi kuwa mabaya. Alisema palikuwa na kutu kidogo tu, ya juu juu, ya kawaida kwa gari la umri ule. Alijua mdogo wake angekuja na kile kioo chake, angeona doa, na kwa doa moja angelikataa gari zima aende kununua takataka ya dukani yenye kalenda. Alitaka apate gari hili kwa sababu hili ndilo gari lenyewe. Basi akaziba, akapaka rangi. Hakuwa ameficha ubovu, alisema. Alikuwa ameficha doa.

"Ulikwangua mpaka ukakuta chuma kizima?"

Kaka alifuta viganja kwenye suruali.

"Kaka. Kabla ya kuziba, ulichimba?"

"Niligonga kwa kidole," alisema. "Ilisikika nzima."

Daktari aligeuka akatazama trela. Kila siku ya kazi aliwaambia wagonjwa jambo moja: jino lililozibwa bila kuchimbwa huoza kwa raha zaidi, maana hakuna anayelitazama tena. Alimwambia hivyo hata kaka yake, akiwa amemkalisha kwenye kiti kile kile kilichofungwa nyuma yao, na kaka aliitikia kwa kichwa kinywa kikiwa wazi.

Aliyelipuka ni mume. Utani ulimtoka wote, na hata lile neno shemeji likatoweka. Alimwambia kwamba kesho kutwa wao wawili wangekuwa wanateremka upande wa pili na trela mgongoni, na kwamba mtu mzima mwenye gereji hawezi kusema hakujua. Alisema kwa sauti ya chini, na ndiyo iliyotisha.

"Mnakuza mambo," Kaka alisema, lakini alikuwa tayari anachukua nyundo nyuma ya kiti. "Ni sehemu ya kidole. Nitawaonyesha."

Aliingia chini. Walimsikia akigonga: chuma kikaitika kwa mlio mwembamba, safi. Akasogea, akagonga tena, mlio ukawa mzito. Akasogea tena, na safari hii hakukuwa na mlio, palisikika kishindo kilichokufa, kama mtu anayegonga gunia. Halafu akaacha kuwaonyesha, akawa anajitafutia mwenyewe. Aligonga nyuma ya springi. Aligonga upande wa pili, ambao hakuuziba kabisa kwa sababu aliuona mzima, na upande wa pili nao ukamwaga kutu. Vipande vilianguka juu ya mchanga, vingine vipana kama kiganja, vikiwa bado na rangi yake nyeusi inayong'aa.

Nyundo ilinyamaza. Miguu yake, ambayo ndiyo pekee iliyoonekana, haikutikisika. Daktari aliita mara mbili bila kuitikiwa, akainama kuchungulia. Kaka Mkubwa alikuwa amelala chali, nyundo kifuani, uso mwekundu kwa kutu, akitazama tundu lililokuwa juu ya pua yake. Mkono mzima ungepita.

"Nimewapandisha huku," alisema. "Kwa mikono yangu."

Daktari hakumfariji. Alichofanya ni kusema kinachofuata, kwa sauti anayotumia damu inapokataa kukatika. Hakuna anayekaa ndani ya gari. Magurudumu yazuiwe kwa mawe, ya trela na ya pikapu. Trela ifunguliwe, isimamishwe kwa jeki yake. Kaka aliomba aishushe pikapu peke yake, tupu, polepole. Alikataliwa kabla hajamaliza. Akapanga mawe yote mwenyewe, bila kusaidiwa wala kuomba msaada. Pua ya trela ilipoinuliwa kutoka kwenye ndoano, pikapu ilipumua kwenda juu, na ule ufa ukafungua mdomo wazi, mbele ya macho yao, bila mtu kuugusa.

Baadaye likaja lori la mbao, linateremka kuelekea mjini. Dereva wake, mzee mwenye kofia ya sufu, alishuka, akachungulia chini ya pikapu, akapiga mluzi. Alikubali kuishusha trela. Lakini kwanza alitaka kujua.

"Sasa, wanangu, gari hili limeingizwa barabarani na fundi gani?"

Aliuliza kwa mzaha, akijiandaa kucheka. Mume aligeuka akatazama bonde. Daktari alifungua kinywa, bila kujua atakalosema. Kaka yake akamtangulia.

"Mimi, mzee. Gereji ni yangu, na kuziba nimeziba mimi."

Mzee alivua kofia, akaivaa tena, akaenda kutafuta minyororo yake.

Walipokuwa wanaifunga trela kwenye lori, Daktari alimuuliza kaka yake kama atatuma gari la kuvuta lije kuchukua pikapu kesho. Kaka alisema hapana. Gari hili likishushwa mjini, alisema, kuna siku yeye atakuwa na shida, au atakuwa hayupo, na mtu atalichukua, ataliziba, atalipaka rangi. Injini ataifuata. Chasisi haiondoki hapa ikiwa nzima. Akachukua nyundo na tindo, akarudi chini.

Mapigo yalianza upya, ya taratibu, ya mtu anayekata na si anayetafuta. Dereva wa lori alipiga honi kuwaita. Mume alimtazama mkewe, akisubiri apande.

Daktari alimwomba mzee awavumilie kidogo. Alilizunguka gari, akajaribu kwa mguu kila jiwe ambalo kaka yake alikuwa ameliweka chini ya magurudumu. Moja lilicheza. Alilisukuma kwa kisigino mpaka likashika, akalijaribu tena, halafu akalala chini, akajisogeza kando ya kaka yake, akawasha tochi ya simu na kummulikia.