Mpagazi Aliyebebwa

Mwanga wa Naro Moru, chini ya Mlima Kenya, huanzia juu. Hugusa barafu kwanza, kisha mawe, kisha msitu, na mwisho kabisa hufika kwenye vibanda vya mabati vya barabarani, ambako wapagazi wa mlima husubiri wageni, viganja vikiwa vimekumbatia vikombe vya chai. Kwa muda mfupi mlima huonekana wote. Kisha mawingu huufunika.

Muda huo ndio Theuri alioukwepa. Alipalilia viazi akiwa ameugeuzia mlima kisogo. Alinyoa ndevu bila kioo. Akienda dukani alipitia nyuma ya majengo, penye matope na mbwa, asikutane na wapagazi wenzake.

Alikuwa amebebwa.

Sheria yao haikuandikwa popote: mpagazi hasemi anaumwa mpaka mzigo ufike kambini. Theuri aliitii. Alipanda huku kichwa kikimpasuka, akatapika nyuma ya jiwe, akafuta mdomo, akaendelea. Juu ya kinamasi magoti yakakataa. Kabura, mpagazi mwenzake, akamfunga mgongoni kwa shuka kama mtoto, wenzake wakapokezana naye mpaka chini. Wageni walitazama.

Ugonjwa wa mwinuko hauchagui. Humwangusha mwenye misuli na kumwacha mwembamba. Humwangusha leo aliyepanda salama miaka yote. Daktari alimweleza hivyo, na ni kweli. Lakini aibu haimsikilizi daktari. Ilimpa Theuri jina la Mzigo, naye akaliitikia.

Kati ya wapagazi, Moffat ndiye aliyecheka zaidi. "Wee Theuri! Leo nani anakubeba? Ama niite Kabura akuje na shuka?"

Theuri alicheka pamoja nao, akaenda nyumbani, hakurudi.

Mwezi wa nane Moffat aliumwa kichwa mlimani. Hakusema. Nani angesema, baada ya kicheko kile? Alifikisha mzigo kambini, akautua vizuri, akalala. Asubuhi hakuamka.

Naye alibebwa.

Kwenye mazishi ya Moffat, kijijini Endarasha, Theuri alisimama nyuma kabisa, karibu na mahindi. Kabura alimfuata.

"Baba Shiro, mbona unajificha?"

"Si unajua."

"Najua nini? Mimi nimebeba nyinyi wawili. Wewe ulikuwa mzito, ati mgongo iliniuma wiki mzima. Lakini ulikuwa unanipumulia kwa shingo."

Machozi yalimtoka Theuri, na hakuyafuta.

Wapagazi walipoitwa kumuaga mwenzao, alipita katikati ya watu mpaka kaburini.

"Mimi nilibebwa," alisema. "Moffat alinicheka, nikajificha. Ningesimama na nyinyi kila asubuhi, nikiwa mzima hivi, labda angeona kubebwa si kufa."

Mama yake Moffat alimtazama kwa muda mrefu, kisha akatazama udongo.

Wiki iliyofuata Theuri alipanda mlima tena na wenzake. Katika kambi ya kwanza, kabla ya mizigo kuinuliwa, aliuliza nani anaumwa. Wakanyamaza. Akauliza tena, kwa sauti ile ile. Mpagazi mmoja akatua mzigo wake.

"Mimi. Kichwa, tangu jana."

Hakuna aliyecheka.

Huko juu mwanga hufika mapema. Ulikuwa tayari umeziangukia nyuso zao zote, uso wa Theuri pia, naye hakuugeuza. Na pale Moffat alipozoea kusimama, uliangukia majani matupu.