Laini ya Kinyozi

Mimi si mtu wa kuogopa mizimu. Mizimu hailipi bili, na kazi yangu pale jengoni, Busia, ni kujua nani anatumia umeme na nani analipa. Paa zima ni paneli za sola. Kila duka lina laini yake na mita yake. Sehemu ya malipo tunaiweka akiba ya betri mpya, maana hizi za sasa zimechoka. Benki ilikubali kutuongezea mkopo kwa sharti moja: kila laini inayotumika iwe na mlipaji. Betri zikifa kabla ya mkopo, jengo linarudi gizani na mimi narudi kwa mama kula bure.

Laini moja tu ilikuwa ikiniharibia mpango. Oketcho, kinyozi wa chini, alikufa akazikwa kwao Mwello. Duka lake nililitia kufuli mwenyewe, lakini kila jioni mita yake ilitembea: taa mbili na mashine ya kunyolea, kama alivyozoea. Nilitafuta mwizi wa umeme mpaka darini nikamkosa, nikapandwa na hasira. Caro wa samaki alikuwa akiniomba laini hiyo kwa friza yake, na alikuwa tayari kulipa.

Mjane wa Oketcho, Juliet, alikuja kunisihi. Kwao moto wa marehemu hauzimwi kabla ya matanga kwisha, na hapa mjini, alisema, moto wa mumewe ni ile taa.

"Usikate stima ya mzee, Metrine," akasema. "Ngoja matanga iishe."

Nikamjibu kwamba benki haingoji matanga. Mchana huo nikashusha swichi ya kinyozi, nikaandika jina la Caro kwenye nafasi yake aje kuunganisha friza kesho, nikapeleka hesabu benki. Nisidanganye, nilifurahi.

Jioni mume wangu Rasto akaingia. Ni dereva wa lori. Alikuwa Juba tangu kabla Oketcho hajaugua, na habari za msiba hakuwa nazo. Zile nywele anazoringia hazikuwepo. Kichwa kizima kilikuwa kipara.

Nikamuuliza nani amemnyoa.

"Oketcho, hapo chini. Nilipita kumsalimia tu, akanikalisha. Amesema mfiwa hakai na nywele."

Hata kwetu ndivyo, aliyefiwa hunyolewa. Nikamuuliza kama Oketcho alimtajia ni nani aliyemfia.

Rasto hakunitazama. "Alisema ni wewe."

Nilimweleza yote, tukashuka pamoja. Kufuli lilikuwa palepale, swichi ilikuwa chini, na mita ilikuwa ikitembea. Rasto ananiomba niirudishe laini sasa hivi, kisha tumpigie Juliet tumwombe radhi. Mimi pia nataka. Lakini nimesimama mbele ya kisanduku cha swichi, nyaya zake ziko wazi, na naogopa kutia mkono.