Ndizi Isiyoshuka

Atuganile aliipua sufuria ya ndizi mapema makusudi, akazipanga kwenye sinia na kuziweka dirishani upepo wa kijiji chao cha Suma uzipige. Alitaka zipoe. Zisiwe za moto wala za baridi, ziwe kama maji ya kumwogeshea mtoto mchanga. Nusu ya ndizi moja kati ya hizo ndiyo mumewe, Lazaro, angeimeza siku ile mbele ya mdogo wake Jairo. Isiposhuka, undugu wa watu wawili waliotoka tumbo moja ungeishia palepale mezani.

Ukoo wao una desturi yake. Ndugu wakikosana hawapatanishwi kwa maneno matupu, maana maneno mtu huweza kuyasema ndani na kuyatema nje ya mlango. Hupikwa ndizi. Aliyekosewa huchukua moja akaivunja kwa mkono, nusu akala mwenyewe, nusu akampa aliyemkosea. Huyo akimeza, kalimeza kosa lake na limekwisha, na atakayelifufua ataonana na wazee. Akiitema, basi kosa bado analo mdomoni.

Na kosa lenyewe halikuwa dogo. Mama yao alipofariki, Jairo alikuwa mbali, Sumbawanga, mvua zimekata barabara. Alipiga simu analia: "Kaka, nisubirini." Lazaro hakusubiri. Alisema mwili hauwezi kukaa, waombolezaji wamejaa, mvua inazidi. Jairo alipofika alikuta udongo mbichi na watu wanakunja mikeka. Tangu siku hiyo hakutia tena tonge la kaka yake mdomoni. Alihamia Mbeya, na salamu zikawa zinapitia kwa watu. Shangazi Elina, dada wa marehemu baba yao na mzee pekee aliyebaki katika ukoo, ndiye aliyembembeleza mpaka akakubali kuja.

Yote hayo yangekuwa mepesi kama Lazaro asingekuwa na ugonjwa wake.

Ulimwanzia kwenye shamba la chai. Alikunywa chai ya moto, ile inayochoma vidole kupitia kikombe, mara akashika kifua na kupiga magoti katikati ya michai. Atuganile alijua amekuwa mjane. Kule Tukuyu walimpima moyo, wakasema moyo ni mzima. Shangazi Elina akasema ni kimeo kimerefuka, kikatwe. Jirani akasema ni mwiba wa samaki, ameze matonge makubwa ya ugali uteremke. Akameza, akalia kama mtoto.

Mwisho walifika hospitali kubwa Mbeya. Wakamnywesha dawa nyeupe, nzito kama chokaa, wakampiga picha huku anameza. Daktari alikuwa kijana mpole. Alinyoosha mkono, akakunja ngumi mbele yao.

"Mzee, njia ya chakula si bomba la plastiki. Ni misuli. Inakaza na kulegea kwa zamu, ndivyo inavyosukuma chakula kwenda chini. Yako haifuati zamu. Inakaza yote kwa pamoja, kama mguu unavyokaza ukiwa umelala. Ndiyo maumivu hayo."

"Nitapona?" Lazaro aliuliza.

"Tutaituliza. Kupona kabisa siwezi kukuahidi, mzee wangu."

Akawaambia chakula kiwe vuguvugu, tonge liwe dogo, atafune bila haraka, asile akiwa na hasira wala woga. Akampa vidonge vya kulegeza misuli, anywe kimoja kabla ya kula, asizidishe, maana hushusha presha. Maumivu yakimshika, apige funda dogo la maji ya uvuguvugu na kutulia. "Na kifua kikibana na jasho likitoka, au maumivu yakishuka mkononi, msikae nyumbani mkisema ni yaleyale. Njooni haraka."

Kwenye basi la kurudi, Lazaro, ambaye hajawahi kupitisha siku bila kitendawili, alimgusa mkewe bega. "Mama Tulia, kitendawili."

"Tega."

"Nyumba yangu ina mlango mmoja. Mgeni akija taratibu unafunguka, akija na pupa unamfinya."

Atuganile alilijua jibu. Lakini siku ile mumewe hakuwa ameshinda kitu kingine chochote. "Umenishinda. Nakupa mji, chukua Tukuyu."

"Tukuyu nimekwenda, nimekula, nimekunywa, hakuna kilichonikwama! Jibu ni koo langu."

Wakacheka, na watu wa viti vya nyuma wakacheka bila kujua wanachekea nini.

Basi siku ya Jairo kuja, Atuganile alimwambia mumewe, "Mweleze mdogo wako kabla hamjakaa. Neno moja tu."

"Nimweleze nini? Nikianza na ugonjwa atasema natafuta huruma kabla sijakiri. Kwanza nimeze. Ugonjwa atausikia baadaye. Na wewe usiseme."

"Hata kwa shangazi?"

"Ukimwambia shangazi, umelitangazia soko zima la Tukuyu."

Jairo alitarajiwa asubuhi, na asubuhi ile Lazaro alikunywa kidonge chake. Lakini mvua ikashuka, ukungu ukalala barabarani, na mgeni akaja saa nane amelowa mpaka magotini. Nguvu ya kidonge ilikuwa imekwisha kitambo. Atuganile alimtazama mumewe, mumewe akatikisa kichwa. Kuongeza kingine wamekatazwa. Akabaki na sinia lake la ndizi, alizozipasha tena kidogo ziwe vuguvugu, tumaini lote likiwa limelala humo.

"Ugonile, mwanangu!" Shangazi Elina alimsalimu Jairo mlangoni. "Ona ulivyokonda. Mbeya hawapiki?"

"Wanapika, shangazi. Ila wanapima."

Hata Lazaro alicheka. Ndugu wakashikana mikono, kila mmoja akiangalia viatu vya mwenzake. Atuganile akatoka kuchota maji ya kunawa. Aliporudi, dirishani hakukuwa na sinia. Mezani palikuwa na hotpoti kubwa, imefungwa.

"Shangazi, ndizi ziko wapi?"

"Nimekuokoa na aibu," Elina alimnong'oneza, amejaa fahari. "Mtu kanyeshewa njia nzima, umpe ndizi zilizopoa? Si atasema hatukumtaka? Nimezirudisha jikoni mpaka zikatokota."

Atuganile alitua maji ya kunawa mezani. Katika baridi ile ya milimani, mgeni akipewa chakula kilichopoa kaambiwa aende zake, na kila mwanamke pale analijua hilo tangu alipofundishwa kushika mwiko. Shangazi alikuwa amefanya haki. Na yeye alikuwa amefungwa ulimi na mumewe mwenyewe.

Jairo alifunua hotpoti, mvuke ukampiga usoni. Akachukua ndizi, akairusha kutoka mkono huu hadi huu, akaivunja. Nusu yake aliila bila kupepesa macho. Nusu nyingine akainyoosha.

"Kaka. Nilikuomba unisubiri, hukunisubiri. Mama sikumwona uso. Nimelibeba hili nimechoka. Kula."

Lazaro aliipokea kwa mikono miwili. Alikaa nayo kidogo. Atuganile akaomba moyoni, ipoe, Bwana, ipoe mkononi.

"Kula ingali na moto wake," Shangazi Elina alisema. "Upatanisho hauachwi upoe."

Lazaro akaitia mdomoni. Alitafuna, akatafuna, mpaka Jairo akaanza kumwangalia. Macho ya Lazaro yalimkwepa mdogo wake, na Atuganile akajua woga nao umeshafika, umekaa mezani na wenzake. Kisha Lazaro akameza.

Ikashuka kidogo, mlango ukajifunga. Aliinama kama aliyepigwa teke la ng'ombe, mkono kifuani, mishipa ya shingo imetutumka, machozi yanamtoka. Alijaribu kuirudisha chini. Haikukubali. Akakinga kiganja, na ndizi ikarudi kiganjani mbele ya macho yao wote.

Jairo aliitazama ile ndizi, kisha akasimama.

"Umeitema," Jairo alisema polepole.

Lazaro alitikisa kichwa kwa nguvu. Sauti hakuwa nayo.

"Mbele ya shangazi. Ningejua ningebaki kwangu."

"Shemeji, anaumwa!" Atuganile alisema. "Ni njia ya chakula, inakaza, tumekwenda hospitali..."

"Leo ndiyo anaumwa?" Jairo alikuwa ameshavaa koti. "Nilimwona kwenye harusi ya binamu yetu Godwin, anakula pilau na nyama, anatega watu vitendawili. Ugonjwa gani huo, shemeji, unaoichagua ndizi niliyoivunja mimi?"

Akatoka. Atuganile alimtazama mumewe aliyejikunja kwenye kiti, akautazama mlango, mwili ukataka kupasuka vipande viwili. Alimwita Elina amshike, amnyweshe maji ya uvuguvugu kidogo kidogo, akamkimbilia Jairo kwenye tope kati ya migomba.

"Ugonjwa wake unachagua moto, shemeji. Na unachagua woga. Harusini alikula kwa raha. Leo alikuwa anakuogopa."

Jairo alisimama. "Kaka ananiogopa mimi?"

"Anakuogopa tangu siku ya kaburi."

Kwa muda mfupi uso wake ulilegea, na Atuganile akadhani amempata. Lakini bodaboda ilikuwa inapanda, Jairo akapunga mkono. "Nimekusikia," alisema, akapanda. Hakusema amemwamini.

Atuganile aliporudi ndani, Lazaro alikuwa ameketi wima. Maumivu yalikuwa yamemwachia, kama yanavyomwachia siku zote yakishamaliza kazi yake. Kwenye hotpoti iliyosahauliwa wazi, ndizi zilikuwa zimepoa. Lazaro alichukua moja, akaivunja, akala nusu, kipande kidogo kidogo. Ikashuka. Yote.

Elina alishika mdomo. "Kumbe ni moto wangu! Mimi ndiye niliyeuvunja undugu wenu."

"Shangazi, wewe umepasha ndizi tu."

"Na ulivyomeza sasa! Angekuwepo akaona!"

Hakuwepo. Atuganile alipiga simu, Jairo akapokea. Nyuma yake makondakta wa Tukuyu walikuwa wanaita abiria wa gari la Mbeya. Lazaro aliichukua ile simu.

"Jairo, nilikosa. Ulisema nikusubiri, na ilinipasa nikusubiri. Niliogopa mvua nikamzika mama bila wewe. Na ndizi nimeimeza sasa hivi, shangazi shahidi."

Sauti ya Jairo ikaja, safari hii haikuwa na hasira, ilikuwa na uchovu. "Kaka, ndizi haimezwi kwenye simu. Mimi ndiye niliyetakiwa nione. Shemeji kaniambia unaumwa. Sawa. Pona kwanza. Siku utakayopona uniite, nitakuja tuanze upya."

"Jairo, ugonjwa huu si wa kupona, ni wa..."

Gari likanguruma, simu ikakatika. Alipopiga tena haikupokelewa.

Lazaro alimrudishia mkewe simu. Alitabasamu kidogo, kama mtu aliyetegewa kitendawili kigumu na bado anakitafuta.

"Umemsikia, Mama Tulia? Kasema atakuja."

"Nimemsikia."

"Nikipona."

Safari hii Atuganile hakuwa na mji wa kumpa. Alikusanya ndizi zilizobaki, akaenda kuosha vyombo, na kule jikoni Shangazi Elina alikuwa anamwaga majivu kwenye mafiga kuuzima moto, analia, anaapa kwamba tangu leo kila mtu atakula ndizi zilizopoa.