Kuta za Kiangazi

Wazo la mahema lilikuwa la mke wangu, Bronwen. Mimi nilipinga miaka miwili, nikashindwa. Nilimwambia hakuna mtu mwenye akili timamu atakayetoka mjini aje huku Shropshire, mashambani mwa Uingereza mpakani na Wales, kulala kwenye turubai jirani na ng'ombe wangu, naye akanijibu kwamba akili timamu si sharti la kwenda likizo. Tukajenga majukwaa matatu ya mbao pembeni mwa malisho ya juu, tukasimamisha mahema makubwa. Ndani tukaweka vitanda vya chuma vyenye magodoro mazito, mazulia na jiko la kuni, na nje beseni la shaba ambamo mtu anaoga huku anatazama vilima vya Wales. Watu wakaja. Bronwen hakunisimanga hata siku moja, lakini kila alipopita na shuka za kufua alikuwa anaimba.

Mwaka ule wa ukame, mwezi Julai, walikuja Desmond na Noreen Yardley kutoka mji wa Dudley. Binti yao ndiye aliyewapangia safari, zawadi ya miaka arobaini ya ndoa. Desmond alikuwa mwashi aliyestaafu. Alijenga kwa matofali miaka arobaini na mitano, na magoti yake yalikuwa yamekwisha kabisa. Siku ya kwanza alilizunguka hema, akagonga nguzo kwa vidole, akavuta kamba, kisha akasema kwamba maisha yake yote amewajengea watu kuta ili wasilale kwenye mahema, na sasa mtoto wake mwenyewe anamlaza humo.

"Kama hulitaki, lala kwenye beseni," Noreen alimwambia. Alikuwa mwanamke mfupi, mwenye maneno machache yenye ncha. "Ingia ndani uvue viatu."

Asubuhi ya tatu Desmond alipanda kilima kilicho nyuma ya malisho. Alikuwa anatafuta mtandao ili ajue matokeo ya kriketi. Mimi nilikuwa nimemaliza kukamua, naosha sakafu ya zizi, nikamwona anashuka polepole, kiubavuubavu kama kaa, kwa ajili ya magoti. Sikuona wasiwasi usoni mwake wala furaha. Alikuwa na uso wa mtu anayetoka kanisani.

"Bwana Gwilt," aliniambia, "nani alijenga nyumba kwenye malisho yako?"

Nikamwambia hakuna nyumba pale. Babu yangu alizaliwa kwenye shamba hili, baba yangu vilevile, na malisho ya juu hayalimwi, kwa sababu udongo wake ni mwembamba na plau hugonga mawe.

"Mawe gani?" akauliza.

Nikafunga maji, nikamfuata.

Kilima kile nimekipanda tangu utotoni, mara nyingi kutafuta kondoo waliopotea. Asubuhi ile jua lilikuwa bado liko chini, na malisho yamekuwa rangi ya kahawia kutoka ua hadi ua, maana ilikuwa wiki ya sita bila tone la mvua. Juu ya kahawia ile palikuwa na mchoro. Mistari ya njano iliyofifia, iliyonyooka kama imepigwa uzi, ilitoka karibu na mahema mpaka kwenye birika la kunyweshea ng'ombe, ikakatana kwa pembe za mraba. Nilihesabu vyumba kumi na viwili, nikapoteza hesabu, nikaanza tena. Upande mmoja palikuwa na ukumbi mrefu, na mwisho wake ukuta ulijikunja nusu duara kama ukingo wa kucha. Katikati palikuwa na uwanja wa ndani. Hata njia ilikuwepo, ikishuka kuelekea kijito ambacho sisi bado tunakitumia.

Nikakaa chini. Nyumba ile nilikuwa nimetembea juu yake maisha yangu yote. Mama yangu alinifundisha kutembea juu yake. Bronwen nilimposa mahali fulani kati ya uwanja ule na ukumbi, tukiwa tumesimama kwenye matope, na wala hatukujua kwamba tuko nyumbani kwa watu.

Desmond alinieleza kama mtu anayesoma barua. Juu ya misingi udongo ni mwembamba, nyasi hazipati pa kunywa, kwa hiyo zinakufa kabla ya wenzao. Kwa vidole alinionyesha ukuta mnene, akasema huo ulibeba ghorofa au paa zito. Kisha akanyoosha mkono kwenye chumba cha pembeni.

"Kile kimeongezwa baadaye," alisema. "Tazama kilivyopinda, hakikushikamana na ukuta wa zamani. Huyo ni fundi wa pili, na hakuwa mzuri kama wa kwanza."

Wake zetu walikuwa chini, wamebeba vikombe vya chai, wanashangaa tulivyokaa kama kunguru. Kutoka pale walipokuwa hawakuona chochote ila nyasi zilizokufa. Basi Desmond akawaongoza kwa mikono na kwa sauti, kushoto kidogo, kulia, mbele tena, mpaka Noreen akafika mahali ambapo mstari ulikatika kwa upana wa hatua mbili.

"Simama," alimwambia. "Hapo ni mlangoni. Ukipiga hatua moja umeingia."

Noreen alitazama miguu yake. Halafu, bila mtu kumwambia, akafuta soli za viatu kwenye nyasi, kimoja baada ya kingine, ndipo akaingia. Bronwen alimfuata, naye akateremsha sauti. Kuanzia saa ile hapakuwa na mtu aliyeruka ukuta. Ukitaka kwenda upande wa pili ulizunguka mpaka mlangoni, hata kama mkononi una ndoo mbili.

Bronwen alipiga simu kwa watu wa mambo ya kale, na siku ya pili yake akaja Philippa Stanway, mwanamke mrefu aliyeungua jua puani. Alirusha droni yake, akatazama picha kwenye kioo kidogo. Mwishowe akasema nyumba ni ya enzi za Warumi, miaka kama elfu moja na mia saba hivi, na akaniomba ruhusa ya kufungua shimo dogo, lenye urefu wa kitanda tu, ndani ya kile chumba cha pembeni.

Desmond alisimama ukingoni mikono mgongoni. Aliacha shule akiwa na miaka kumi na mitano, na mbele ya wasomi alikuwa na tabia ya kujifanya mti. Lakini Philippa alipotoa kifaa chake na kuanza kukwangua, hakuweza kunyamaza.

"Huo ni mwiko wa kuzibia viungo vya matofali," alisema. "Huo ni wetu."

Philippa akacheka, akakubali kwamba watu wa kazi yake waliwaibia waashi zamani sana na hawajarudisha mpaka leo. Akapekua mkobani, akampa wa pili. Bronwen alileta mto wa kochi, Desmond akapiga magoti juu yake. Noreen aliniambia pembeni kwamba ni miaka sita hajamwona mumewe akipiga magoti, hata kufunga kamba za viatu.

Alifanya kazi mpaka alasiri bila kuomba chai. Chini ya udongo vikatokea vigae vya mraba vilivyopangwa kimoja juu ya kingine, nguzo fupi fupi kama za mchezo wa mtoto. Philippa alieleza kwamba juu yake palikuwa na sakafu, na chini yake ulipita moto wa tanuri kupasha chumba joto. Akapitisha kidole kati ya nguzo mbili, akatuonyesha. Kidole kilikuwa cheusi. Masizi ya moto uliowapasha watu wale miguu yalikuwa bado yanapaka.

Kisha Desmond akainua kigae cha juu kabisa, akakifuta kwa kidole gumba. Juu ya kigae hicho palikuwa na michirizi mitatu iliyopinda kama upinde. Philippa alisema kila mtengeneza vigae alikuwa na alama yake, aliichora kwa vidole kabla udongo haujakauka.

Desmond aliweka vidole vyake vitatu kwenye michirizi ile, akavivuta taratibu kuufuata upinde. Viliingia bila nafasi ya kubaki. Akarudia. Mbayuwayu walikuwa wanapita chini chini juu ya malisho, na sisi sote tulisimama kama watu waliokuta mlango wazi ambao haukupaswa kuwa wazi.

"Alikuwa amechoka huyu," Desmond akasema.

"Umejuaje?" Philippa aliuliza, na aliuliza kwa dhati, penseli mkononi.

"Tazama alama ya kile cha chini. Amezungusha kwa utulivu mpaka mwisho. Hii ameburuta tu. Siku imekwisha, mgongo unamuuma, anataka kwenda kula." Akakifuta kigae tena kwa kidole gumba. "Hiyo jioni naijua. Nimerudi nayo nyumbani miaka arobaini na mitano."

Noreen aliingia, akasimama nyuma yake, akamwekea mkono begani. Desmond akasema, bila kumtazama mtu, kwamba katika nyumba zote alizojenga hakuwahi kuacha alama hata ya ukucha, na nyingine zimeshabomolewa.

"Watu wamelala humo miaka yote hiyo bila kunyeshewa, Des," Noreen alimwambia. "Wakujue wasikujue, walikuwa wakavu."

Walipaswa kuondoka Ijumaa, lakini hema lilikuwa halina mgeni mpaka Jumatatu na Bronwen hakutaka kusikia habari za kufunga mizigo. Philippa aliandika kila alichosema Desmond juu ya kuta, akaandika na jina lake. Alithibitisha maneno yake mengi, yakiwemo yale ya fundi wa pili. Kuhusu vigae alisema ni mali ya mwenye shamba, kwa hiyo nikamwambia Desmond achukue kile chenye michirizi. Alikipakata muda mrefu kama mtoto mchanga, halafu akatikisa kichwa.

"Kimekaa kazini miaka elfu moja na mia saba," alisema. "Nikipeleke Dudley nikakiweke juu ya televisheni?"

Jumamosi mawingu yalianza kujikusanya upande wa Wales, na Philippa akaamua tufukie kabla ya mvua. Desmond aliomba afanye mwenyewe. Alirudisha vigae mahali pake kimoja kimoja, akikagua usawa kwa kiganja, na kile cha mtu aliyechoka akakiweka juu kabisa, alama ikitazama mbingu. Akamwaga udongo laini kwanza kwa mikono, ndipo akakubali koleo. Tulipokuwa tunarudisha nyasi juu yake, matone ya kwanza yakaanguka, mazito, yenye harufu ya vumbi. Hakuna aliyekimbilia mahemani. Noreen alivua viatu. Desmond alinyanyuka kwa kunishika mkono, akasimama pale mvua inamtiririka shingoni, akaniuliza kama nadhani wale watu nao waliwahi kungoja mvua hivi. Nikamwambia kwa udongo huu, lazima.

Ilinyesha siku tatu. Jumatatu walipoondoka mistari ilikuwa imefifia, na wiki mbili baadaye malisho yalikuwa kijani tupu. Leo ukipanda kilimani huoni chochote ila ng'ombe wangu ishirini na sita, wamelala ukumbini mwa watu, wanacheua. Huwa napanda hata hivyo.